Mpima Mizani

Miaka ishirini na sita nimepima korosho za watu
ghalani kwa chama cha msingi, hapa Tandahimba.
Nalijua gunia lililonyunyiziwa maji usiku,
nalijua la mchanga,
nalijua la kangomba
kwa jinsi mwenyewe anavyotazama pembeni.
Leo nimepimwa mimi.

Sista Tekla kanichoma kidole.
Tone likapanda kijiti kama mchwa,
kimashine kikafikiri, kikatamka:
kumi na tatu nukta mbili.
"Umekula saa ngapi?"
Saa mbili zimepita. Ugali wa muhogo,
mbaazi za nazi, chai.
"Vijiko vingapi?"
Mtu wa mizani hamfichi mtu wa mizani.
Vinne, nikasema. Vya kujaza.

Akageuza karatasi ya dawa, akachora:
tumbo, ini,
na nyuma ya tumbo kitu kama ulimi wa mbuzi.
Kongosho. Sitini na moja nimelibeba
bila kulijua kwa jina.

"Ukila, muhogo unavunjwa kuwa sukari,
na sukari inaingia damuni kama malori siku ya mnada,
yote pamoja, yote yana haraka.
Kongosho linanusa, linamtuma karani wake, insulini.
Funguo mkononi, mlango kwa mlango:
fungueni, mzigo umefika!
Misuli inafungua. Nyama ya mafuta inafungua.
Ini linapokea fungu lake, linalishindilia,
linaandika stakabadhi.
Usiku, wewe umelala, hujala kitu,
ini hilohilo linatoa kibaba, linatoa kibaba,
ubongo usilale njaa."

Na nazi? nikauliza. Na korosho ninazotafuna kutwa?

"Mafuta hayapiti barabara kuu.
Yanafungwa vifurushi vidogo vidogo,
yanashika njia ya panya,
yanakuja kuibukia damuni huku juu, karibu na bega la kushoto.
Saa tatu, saa nne baada ya kushiba, bado yako safarini.
Damu ya wakati huo, ikitulia kwenye chupa,
maji yake yaweza kuwa na ukungu
kama tui la pili."

Nikacheka.
Halafu nikaacha kucheka,
maana ghala lililojaa nalijua.
Mwaka mmoja mnada ulikwama,
magunia yakalala hadi barazani.
Karani anapiga hodi, ndani wanamjibu: hakuna nafasi.
Anaitiwa mwenzake. Wanapiga wawili.
Wanapiga kumi.
Kongosho linaajiri, linaajiri, mpaka linafilisika,
na malori yako palepale, yanachimba barabara,
na nyumba za kando ndizo zinazopata nyufa:
macho,
figo,
vidole vya miguu.

"Lakini upo mlango wa uani," akasema Tekla
huku akifuta meza.
"Msuli unaofanya kazi haumsubiri karani,
unajifungulia wenyewe.
Kunywa dawa. Na ukinawa mikono, usikae.
Tembea."

Ndiyo maana jioni mnaniona
na Somoe wangu, kanga mbili na ndala,
tunalizunguka ghala ambalo msimu wake haujafika.
Panya wanatushangaa. Mlinzi anatushangaa.
"Mmepoteza nini?"
Somoe hageuki:
"Vijiko viwili."

Mimi nasikiliza ndama za miguu.
Wiki ya kwanza ziliuma tu.
Siku hizi, tukifika kona ya mwembamba,
nasikia joto, kama makomeo ya zamani
yanayosogezwa na mtu mvumilivu.

Jana kanipakulia ugali kwenye kibakuli cha mjukuu.
Nikakiinua, nikakipima kwa kiganja:
Somoe, mizani yako inaiba.
Akamimina mchuzi, mbaazi nyingi, tui kidogo.
"Yako je," akasema,
"miaka ishirini na sita?"

Sikujibu.
Nikala polepole.
Kisha nikatafuta ndala zangu.